Jina Lililosomwa Bila Kijiji

Salevao, kisiwa cha Savaii
3 Machi 1997

Loma,

Sisi wazima, isipokuwa nguruwe mmoja. Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo usicheke mwandiko. Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Herufi nilizitoa kwenye kitabu cha nyimbo, babu yako akinionyesha kwa kidole, na kidole chake kilikuwa kinene, nyingine sikuziona.

Shangazi yako ananikumbusha kwamba huu ni mwaka wako wa mwisho hapo chuo kikuu cha kanisa, kana kwamba mimi nimesahau. Desemba mtasimama mbele ya kanisa zima, na kila mmoja litasomwa jina lake pamoja na kijiji kilichomwita awe mchungaji wao. Wazee wa Fagalele, hapo ng'ambo ya mto, wananiuliza habari zako kila Jumapili. Mchungaji wao anastaafu. Wanakutaka wewe. Kutoka kwao mpaka kwangu sauti ya jogoo inafika.

Sasa sikiliza. Kanisa halimpi kijiji mtu asiye na mke. Wewe unajua, mimi najua, na huyo jogoo anajua. Nani atafundisha akina mama? Nani atapokea wageni wa mchungaji? Una miezi tisa. Wenzako kwa miezi tisa wanaleta mtoto mzima duniani, wewe unashindwa kuleta mke ambaye tayari anatembea?

Yupo Faamanu, muuguzi. Mguu mmoja mfupi lakini haujamzuia kwenda popote. Yupo Lusia, binti wa chifu Tuilagi wa hapo hapo Fagalele; akiimba sauti ya juu popo wanahama mti. Yupo na yule mjane wa duka, ila yule atakuchosha.

Kikapu cha magimbi kinakuja na feri. Kula wewe, usigawe.

Bibi yako, anayeweza kukuchapa hata ukiwa huko,
Salaevalu

---

Bweni la Tatu, kisiwa cha Upolu
20 Machi 1997

Bibi mpendwa,

Magimbi yamefika. Niligawa. Wenzangu wamesema nikuamkie.

Unataka kujua tunafanya nini huku. Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri. Sala, kisha shamba, kisha darasa. Kigiriki asubuhi, kusafisha vyoo mchana. Mwalimu wetu mkuu, mzee Esekielu, anasafisha pamoja nasi na hajawahi kutueleza kwa nini.

Mwaka huu kila Jumatano tunapelekwa hospitali kubwa kukaa na wagonjwa wasio na mtu. Tumekatazwa kuhubiri. Tumekatazwa hata kuomba kwa sauti mpaka mgonjwa mwenyewe atake. Jumatano ya kwanza nilipewa mzee mmoja aliyekuwa seremala. Nilikaa naye kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, hakusema neno. Nilipoinuka akauliza, "Kesho pia?" Nikamwambia Jumatano. Jumatano nilikuta kitanda kimetandikwa.

Nilimwuliza Esekielu ningemwambia nini mzee yule. Akasema, "Wewe ulitaka kumwambia nini?" Akanipa ufagio.

Kuhusu mke, nafikiria.

Mjukuu wako,
Apisaloma

---

Salevao
9 Juni 1997

Loma,

Ulisema unafikiria. Nimekusaidia kufikiria.

Jumamosi tulikwenda kwa Tuilagi, mimi na mjomba wako Tanuvasa, maana yeye ndiye chifu wa ukoo wetu na bila yeye posa haina mdomo. Tulibeba nguruwe (yule mzima) na mikeka mitatu. Tanuvasa aliongea vizuri mpaka mimi mwenyewe nikatamani kuolewa nawe.

Tuilagi akauliza, "Kijana mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia, "Kijana yuko chuoni anasoma habari za Mungu, hana nafasi ya kusema."

Wakacheka. Lusia alikuwa nyuma ya pazia la makuti anapasua nazi. Alikuwa anapasua kwa nguvu kuliko nazi inavyohitaji. Nikasema moyoni, mikono mizuri.

Wamekubali. Harusi Oktoba, na Fagalele wamesema ukishaoa wao wako tayari kukuita. Yamekwisha. Unachotakiwa kufanya ni kufika umeoga.

Bibi yako, ambaye leo analala vizuri,
Salaevalu

---

Upolu
17 Juni 1997

Bibi,

Sitaoa. Nakuandikia haraka ili ujue kabla maandalizi hayajaenda mbali.

Mwaka jana nilimsimamia rafiki yangu Ioapo harusi. Alikuwa amemfahamu yule binti kwa wiki mbili. Zilikuwa zimebaki siku nne kanisa lifunge orodha ya kwanza ya wanaotafutiwa vijiji. Alipokuwa anaapa, mimi nilisimama karibu yake, na nilimwona anatazama saa.

Sina neno baya kwa Lusia. Simjui, na tatizo lenyewe ndilo hilo. Siwezi kumwapia mtu nisiyemjua, mbele ya Mungu, ili nipewe nyumba ya mchungaji. Vitu vingi vya hapa chuoni nitavisahau, Kigiriki tayari kinaondoka. Hiki nimekishika: kiapo ni kiapo. Nikianza kazi kwa kusema uongo madhabahuni, Jumapili inayofuata nitawaambia watu nini?

Tafadhali mwambie chifu Tuilagi kwamba kosa ni langu, si lako.

Apisaloma

---

Salevao
28 Juni 1997

Apisaloma,

Sikuhitaji kumwambia Tuilagi. Tanuvasa alisoma barua yako kwa sauti barazani, na barazani kwetu hakuna ukuta.

Binti wa chifu ameposwa, kijiji kimesikia, na sasa ameachwa kabla hata ya kuonwa. Fagalele wakipita njiani hawanisalimu. Jumapili kanisani wanawake walikaa benchi lote la mbele na kuacha nafasi yangu tu ikiwa wazi, ili kila mtu aione.

Nilikupeleka chuo ukachukue kijiji, wewe umechukua kiapo. Kiapo kitaezeka paa? Miaka minne, Loma! Ungekaa hapa miaka hiyo ungekuwa na shamba la kakao.

Usije huku.

Magimbi nitaendelea kutuma. Usidhani nakutumia wewe. Nawalisha wenzako.

Salaevalu

---

Salevao
5 Agosti 1997

Loma,

Umevuka bahari, umepanda basi, umeshuka Fagalele, na hukuingia kwangu. Habari zako nimezipata kwa watu saba na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Hii hapa ni ile waliyokubaliana wote.

Ulimwendea Tanuvasa wiki iliyopita ukamwomba aongoze ifoga. Akakwambia, "Wewe mtoto umesoma mpaka umesahau mambo ya nyumbani? Ifoga ni kwa damu iliyomwagika, si kwa harusi iliyokwama." Na kweli. Ifoga ni toba ya ukoo. Chifu anapiga magoti mbele ya nyumba ya waliokosewa kabla jua halijatoka, amefunikwa mkeka bora kuliko yote, ukoo mzima nyuma yake, wanasubiri mwenye nyumba aje auinue mkeka. Au atoke na panga.

Wewe ukaenda peke yako. Bila chifu. Bila mkeka. Umejifunika shuka la bweni lenye muhuri wa chuo! Watu wa Fagalele hawakujua wakupige au wakuletee chai. Watoto walidhani ni mzimu, walipoona muhuri wakasema ni mzimu wa shule.

Tuilagi alikaa ndani, mapazia yamekunjwa juu, anakutazama. Hakuinuka. Walikula, wakaosha vyombo, ukabaki pale pale. Mtu mmoja akamwambia, "Chifu, huyu hata hajui taratibu." Ilipofika saa sita mchana Lusia akatoka na beseni la maji machafu. Wote wakadhani atakumwagia. Akaliweka chini, akainua shuka.

"Toka hapo, jua litakuoka. Hata mimi sikukutaka."

Baba yake akasema, "Nani kakuruhusu?"

"Hakuna aliyeniuliza kitu tangu mwanzo, baba. Leo nimejiuliza mwenyewe."

Hapo ndipo Tuilagi akaagiza uletewe maji ya kunywa. Hajasema amesamehe. Hajasema hajasamehe. Lakini jana wanawake wa Fagalele walinisalimu, mmoja akanisogezea kiti.

Sasa nijibu mimi. Aliyekwenda kuposa bila kukuuliza ni nani? Mbona hukuniita nipige magoti mwenyewe? Goti la kushoto limeharibika lakini la kulia lipo.

Bibi yako

---

Upolu
14 Agosti 1997

Bibi,

Ningeingia kwako ungenipa chakula, na mtu akishakula kwako haondoki.

Mkeka bora ni wa ukoo, na ukoo ulikataa, kwa hiyo sikuwa na haki nao. Shuka lilikuwa langu, nilipewa siku ya kwanza chuoni. Nilijua watacheka.

Unauliza mbona sikukuita. Wewe ulichotaka ni niishi karibu nawe. Siwezi kumpigisha bibi yangu magoti kwa jambo hilo.

Tanuvasa aliniuliza nitaomba sala gani mle ndani ya shuka. Sikuomba yoyote. Nilikaa tu. Ilikuwa kama Jumatano.

Apisaloma

---

Upolu
11 Desemba 1997

Bibi,

Ijumaa tumehitimu. Majina yalisomwa kwa utaratibu: jina, kisha kijiji, kisha watu wa kijiji hicho wanasimama na kuimba. Ioapo amepewa Fagalele. Waliimba vizuri. Lilipofika langu, msomaji alisoma jina, akatafuta kijiji kwenye karatasi, akaigeuza upande wa pili, akaendelea na anayefuata. Mimi nilikuwa tayari nimesimama, nikakaa.

Baada ya ibada Esekielu alinishika mkono, akaniuliza Jumatatu nitakuwa wapi. Nikamwambia hospitali wanataka mtu wa chumba cha kufulia. Akasema, "Ni karibu na wodi."

Basi nafua mashuka. Jioni nikitoka kazini napanda wodini, wananifahamu.

Nilikuona nyuma ya kanisa, bibi. Ulikuwa umevaa kofia nyeupe ya shangazi, umeishusha mpaka puani. Nilipozunguka kukufuata ulikuwa umekwisha ondoka. Umesafiri siku nzima na hukula hata chakula cha sherehe.

Apisaloma

---

Salevao
20 Desemba 1997

Loma,

Sikuwa mimi. Kofia za namna hiyo wanawake wengi wanazo.

Na huyo msomaji alisoma jina lako kwa sauti ndogo. Angesoma kama alivyosoma ya wengine.

Salaevalu

---

Salevao
11 Februari 1999

Loma,

Mwaka umepita tunaandikiana habari za mvua na nguruwe, na mimi mambo yako ya kufulia sikuyataja kwa mtu. Wakiniuliza nasema uko hospitali, naacha wafikiri daktari. Leo nina jambo.

Tuilagi hainuki tena. Ugonjwa uko tumboni, walimpeleka huko mjini akawaambia wamrudishe afie kwake. Ioapo wako anakwenda kila siku. Ni kijana mwema, sina neno naye. Anafika na kitabu, anasimama miguuni pa kitanda, anaomba mpaka chai ya mgonjwa inapoa. Mashemasi nao wanakuja, kila mmoja na zamu yake ya kuomba. Mgonjwa hapati nafasi hata ya kukoroma.

Jana nilipeleka supu. Tuilagi akawafukuza wote, akabaki binti yake. Akaniambia, "Salaevalu, wamenichosha. Yule kijana wako wa shuka, bado anajua kukaa?"

Nikamwambia, "Alikaa asubuhi nzima mbele ya mlango wako, wewe ndiye uliyekuwa unamtazama. Kama anajua au hajui wewe ndiye useme."

Nikadhani nimemwudhi, nikashika bakuli langu niondoke. Akasema, "Basi aje akae ndani."

Njoo. Usivae tai. Usilete mahubiri.

Bibi yako

---

Upolu
13 Februari 1999

Bibi,

Nimepewa likizo. Nitapanda feri ya Jumatatu. Nitaanzia kwa Ioapo kumwomba ruhusa, kijiji ni chake, kisha kwa Tuilagi.

Kwako nitalala. Safari hii nitakula.

Apisaloma

---

Salevao
30 Aprili 1999

Loma,

Sisi wazima wote, nguruwe pia. Tangu urudi mjini sikuandika, kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kusema jambo hili na sikuipata, kwa hiyo nalisema hivyo hivyo.

Watu wa Fagalele wananiuliza ulikuwa unamwambia nini Tuilagi siku zote zile kumi na tisa kabla hajafa. Nawaambia hakuna. Hawaamini. Wanadhani kuna maneno ya chuoni, ya siri, yanayotuliza mtu. Mimi nilikuwa naleta uji asubuhi na jioni, nimeona kila kitu. Ulimgeuza ubavu. Ulimkata kucha. Alikusimulia habari ya farasi wake yule yule mara ishirini na kila mara ukamwuliza alikuwa wa rangi gani. Alipojichafua, ulifua mwenyewe, ukaanika mbele ya nyumba, mchana, watu wakipita. Mashemasi wakanong'ona.

Na ile siku alipokuuliza kama Mungu yumo mle ndani au la. Nilisimama na bakuli mkononi. Nikasema moyoni, haya, sasa ndipo miaka minne itoke. Ukamfuta jasho kwanza, taratibu, mpaka nikataka kukufinya. Halafu ukasema, "Tumsubiri, chifu. Mimi siendi popote." Yule mzee akafumba macho, na kwa mara ya kwanza nikamwona amelala usingizi wa mtu asiyeogopa.

Mimi sikusoma. Sijui kupima Kigiriki cha mtu. Ila watu wazima nimewazika wengi, na nimeona wanavyokufa wakiwa na chumba kimejaa waombaji na hakuna aliyewashika mkono. Kwa miaka miwili nimesema moyoni, na mara nyingine mdomoni, kwamba chuo kile kilikula ujana wako bure. Nilikosea. Nimesema. Sirudii, kwa hiyo usiipoteze barua hii.

Ioapo ameanza kwenda kwa wagonjwa bila kitabu. Anakaa vibaya, anatikisa mguu kama mwenye haja ndogo, lakini anakaa.

Sasa dhumuni. Jana Lusia alikuja. Nilidhani amekuja kuhusu wewe, nikajitayarisha kukataa kuingilia, maana nimejifunza. Alikaa, akamenya magimbi yangu yote bila kuombwa, mwisho akasema, "Bibi, yale aliyomfanyia baba, alizaliwa nayo au yanafundishwa?"

Nikamwambia, "Nimemlea mimi, hakuzaliwa nayo. Alizaliwa mtundu, alikuwa anatupia kuku mawe. Yanafundishwa. Kuna Jumatano."

"Wanachukua wanawake?"

Nikamwambia ninavyojua: wanawake wa pale ni wake za wanachuo, wanakaa kwenye vile vijumba vya nyuma, wanafundishwa kushona na kupokea wageni. Nikamwuliza, "Kwani unataka kuolewa na mwanachuo?"

Akanitazama kama nimemtemea mate. "Nataka kusoma, bibi. Kuwa mke ni kazi nyingine."

Nikacheka mpaka goti likaniuma. Halafu nikaona hacheki. Alikuwa upande wa pili wa kitanda siku zote zile kumi na tisa, Loma, akishika kichwa cha baba yake wewe ukishika miguu. Hakuna aliyemtazama, hata mimi. Tulikuwa tunakutazama wewe.

Basi nenda kwa mzee Esekielu. Mwulize kama chuo kinachukua msichana asiye na mume. Ongea taratibu, mpe heshima yake. Akisema ndiyo, lete fomu. Akisema hapana, mwulize kwa nini, usiondoke mpaka aiandike sababu yenyewe kwenye karatasi na kuigonga muhuri, uniletee hapa. Nitaisoma mwenyewe, siku mbili tatu zitatosha. Halafu nitapanda feri niende kuwajibu.

Bibi yako,
Salaevalu